Mjukuu Anapokuwa Mkalimani wa Daktari

Mama yangu, anayeishi nje kidogo ya mji wa Runyenjes, aliacha kumeza vidonge vya presha siku vilipokwisha. Alikuwa ameambiwa, "Maliza dawa hizi," naye akazimaliza. Pakiti tupu akaiweka juu ya kabati, akarudi shambani akiamini amepona. Miezi minne baadaye tulimkuta ameanguka jikoni, mdomo umepinda na mkono wa kulia haumtii. Kiharusi hicho hakikumwua, lakini mkono ule hadi leo haushiki jembe.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yeye, mpaka nilipolitazama lile agizo kwa jicho la taaluma yangu. Mgonjwa wa nimonia akipewa viuavijasumu huambiwa amalize dawa, yaani asikome kabla ya siku alizowekewa hata akijihisi ana nafuu. Kwake yeye agizo hilo ni sahihi. Lakini dawa ya shinikizo la damu, kwa kawaida, haina kumalizwa. Pakiti moja ikikaribia kwisha, mgonjwa hutakiwa kuchukua nyingine, na haachi ila kwa amri ya daktari. Kitenzi ni kilekile, maana zimepishana.

Aliyemfikishia mama agizo hilo ni mpwa wangu, wakati huo akiwa kidato cha pili. Daktari alisema Kiingereza na Kiswahili. Mama husema Kiembu na Kiswahili kidogo cha sokoni. Mtoto akasimama katikati. Walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu wanaifahamu hali hiyo, kwa maana wengi wao ndio wakalimani wa babu na nyanya zao. Chuoni tunawafunza watu ukalimani kwa miaka kadhaa, kisha tunamkabidhi mtoto wa miaka 15 kazi ambayo kosa lake moja huweza kuangusha mtu.

Chukua maelezo ya kawaida kabisa: "Kidonge kimoja kila saa nane." Kwa daktari, huo ni muda baina ya kidonge na kidonge, na kwa siku vitakuwa vitatu. Kwa mzee aliyezoea saa za Kiswahili, saa nane ni ule wakati wa mchana baada ya chakula. Namjua babu mmoja aliyemeza kidonge kimoja tu kila siku, saa nane barabara, kwa utiifu wa kupigiwa mfano, huku akishangaa mbona hapati nafuu. Mtoto naye ana mtego wake: akiona "8.00 asubuhi" katika karatasi, huweza kutamka "saa nane" badala ya saa mbili. Afadhali tuziache saa kando, tutaje mambo ya siku yenyewe: kimoja wakati wa chai ya asubuhi, kimoja baada ya chakula cha mchana, kimoja unapokwenda kulala.

Neno "presha" nalo lina hila. Husemwa kwamba mtu amepandwa na presha akigombana na jirani au karo ikimlemea, na kwa hiyo wazee wengi huamini kuwa wasipohisi kitu hawana kitu. Waama, shinikizo la damu aghalabu halina dalili. Hujulikana kwa kupimwa tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Na "sukari"? Mgonjwa hunywa chai kavu isiyo na sukari, kisha akala sahani iliyofurika ugali, ndizi za kupika na nduma, bila kujua kwamba wanga wote huo hugeuka sukari mwilini. Si lazima aache nduma. Apunguze kipimo na kuongeza mboga. Chumvi pia ina kipimo chake: Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo katika mkate na viungo vya pakiti.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni haya. Mzee anayeamka mara tano usiku kwenda haja ndogo hatalitaja jambo hilo mbele ya mjukuu wake wa kike. Atatumia tasfida, atasema tumbo linamsumbua. Mjukuu atafasiri "tumbo" kwa uaminifu, naye babu atarudi nyumbani na dawa ya tumbo ilhali tezi yake ya kibofu haijapimwa. Mzee huyo na aandamane na mwanawe mtu mzima wa kiume, au mjukuu aombwe atoke kwanza. Isitoshe, kabla ya kuondoka, mzee mwenyewe aulizwe aeleze kwa lugha yake jinsi atakavyomeza dawa. Hapo kosa hujitokeza mara moja.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, "inapowezekana". Neno hilo la mwisho ni mlango mpana mno. Hata hivyo, wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 na kupewa vifaa vya kupima presha na sukari, huchaguliwa miongoni mwa wanakijiji wenyewe, na huweza kumsemesha mzee kwa lugha yake bila mkalimani. Mwalimu wa Kiswahili naye angeweza kuwapa wanafunzi zoezi la kufasiri maelezo ya dawa za nyumbani kwao, badala ya barua nyingine ya kubuni.

Mpwa wangu alikwisha kuhitimu shule. Vidonge vya mama amevitia katika kopo kando ya majani ya chai, na pakiti ya mwisho huifunga utepe mwekundu. Mwezi uliopita mama alinipigia simu. "Nimefungua ile ya utepe," akasema. "Ni nani anayekwenda mjini?"