Nani Amemlipa Msemaji?



Mtu akisimama kusema kwa jina la wakulima, yafaa tuulize kwanza nauli yake imetoka wapi.

Wenzetu wa pamba wa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria walilijua jambo hili zamani. Walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara, waliweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1955, wakiongozwa na Bwana Paul Bomani, wakaunda shirikisho la vyama vyao vya ushirika. Sauti ile ilikuwa yao.

Sasa tazameni chama kingine. Mwaka 1984 kiliundwa chama cha wakulima wa tumbaku wa kimataifa, nacho kikapinga mipango ya Shirika la Afya Duniani kwa kumtetea mkulima maskini. Kisha jimbo la Minnesota, Marekani, likawashitaki watengenezaji wa sigara. Kesi ilipokwisha mwaka 1998, makaratasi ya kampuni yakawekwa wazi, ikaonekana kuwa kampuni ndizo zilizokigharimia chama kile na kukielekeza. Mkulima alikuwa kofia tu, kichwa kilikuwa cha mwingine.

Tumbaku hulimwa pia upande wa Kenya wa ziwa lile lile, huko Migori. Kanuni za Kenya za mwaka 2014 ziliweka mipaka baina ya kampuni za tumbaku na maofisa wa serikali. British American Tobacco ikazipinga mahakamani, ikashindwa mpaka Mahakama ya Juu, Novemba 2019.

Dawa moja twaipenda. Mwaka 2012, katika shauri la Oracle na Google huko San Francisco, Jaji William Alsup aliamuru kila upande uwataje waandishi na watoa maoni waliopokea fedha zake. Oracle ikamtaja, miongoni mwa wengine, mwandishi aliyekuwa akilieleza shauri lile kwa wasomaji, kumbe ni mshauri wake wa kulipwa. Google ilijibu kuwa haikumlipa mtu kuandika, na jaji akaiambia ijibu upya. Hatusemi kila alipwaye ni mwongo, la. Lakini msikilizaji ana haki ya kujua.

Basi kampuni yenye kesi ikituletea barua iliyokwisha andikwa, inataka sahihi zetu tu, tutauliza: karatasi, chakula na ukumbi, nani amelipa? Nasi tumemwomba Mweka Hazina achapishe humu jina la kila atupaye fedha, na kiasi chake.