Heshima ya Mama na Kiti cha Barazani

Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Hapa Kongolo kijana akipata mshahara, mara nyingi humwita mama yake kutoka kijijini. Humnunulia kiti kizuri, humwekea barazani, kisha humwambia: «Mama, jembe basi. Umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa, upumzike.» Mama akinenepa, majirani husema kwamba mtoto amemtunza. Nia ya kijana huyo ni njema kabisa. Lakini, ndugu wasomaji, yatupasa kuuliza: je, kiti hicho chamfaa mama?

Mara nyingi mama huyo yupo kati ya miaka 45 na 55, umri ambao wanawake wengi hukoma hedhi. Jambo hilo si ugonjwa wala si laana. Ndivyo Muumba alivyoupanga mwili wa mwanamke. Hata hivyo lina matokeo yake. Tangu ujana, mwili wa mama ulitoa kichocheo kiitwacho estrojeni, nacho kilikuwa kama mlinzi wa mishipa ya damu: kiliisaidia kulegea, damu ipite bila taabu. Kinapopungua, mishipa huanza kukakamaa. Tena mafuta yaliyokaa mapajani na nyongani huelekea tumboni, yakazunguka ini na matumbo, na misuli hupungua. Hivyo mama aweza kuwa na uzito ule ule wa zamani, na huku mwili wake umebadilika ndani.

Mafuta hayo ya tumboni ndiyo yenye hatari zaidi. Huandaa njia ya kisukari na ya shinikizo la damu, ambalo wengi huliita tansio. Nayo tansio haipigi hodi. Wengine huijua siku ile tu wanapoanguka kwa kiharusi.

Kuhamia mjini nako huongeza hatari. Katika miaka ya 1980 waganga waliwachunguza Waluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kukaa Nairobi. Katika miezi michache shinikizo la damu yao lilipanda kupita la wenzao waliobaki nyumbani, maana walikula chumvi nyingi zaidi na uzito wao uliongezeka. Nao walikuwa vijana! Sembuse mama wa miaka 50 aliyeacha jembe kwa ghafula?

Basi dawa ni nini? Kwanza ni mwendo. Mtu anapotembea kwa haraka, damu hupita kwa nguvu katika mishipa, na ngozi ya ndani ya mishipa hutoa hewa fulani inayoilegeza. Hivyo mwendo hufanya sehemu ya kazi ya yule mlinzi aliyepungua. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri watu wazima watembee au wafanye kazi ya kuhemesha kidogo dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, na kuitia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Mama aweza kwenda Misa kwa miguu, kutembea hadi darajani Lualaba na kurudi, au kulima bustani ya mboga. Mwenye maumivu ya kifua amwone mganga kwanza. Naye mama ashindaye shambani na kubeba mizigo tangu alfajiri hana haja ya kuongezewa kazi. Huyo apewe chakula bora na usingizi.

Pili, chumvi isipite kijiko kimoja kidogo kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika vitu vya kukolezea mchuzi. Mafuta ya mawese yatiwe kwa kiasi.

Tatu, tupime. Twaa kamba yenye urefu wa mama, uikunje katikati. Ikishindwa kuzunguka kiuno chake, mafuta ya tumboni yamezidi. Kisha mpeleke kituo cha afya apimwe shinikizo. Likionekana mara kwa mara kufika 140 juu au 90 chini, afuate matibabu bila kuyakatiza.

Nanyi vijana, msikiondoe kiti. Mama akae akichoka. Lakini jioni mshike mkono, mwambie: «Mama, twende tutembee,» nawe uende pamoja naye. Hiyo nayo ni heshima, tena yaweza kumwongezea siku za kuwaona wajukuu wake.