FUNDI MITAMBO, LINDA MASIKIO YAKO



Muziki wa arusi ukianza pale Kilindoni, kisiwani Mafia, macho yote humwelekea mwimbaji. Ni wachache wanaomwona kijana aliyekaa pembeni, nyuma ya meza yenye vifungo vingi. Huyo ndiye fundi mitambo. Tangu mchana amebeba spika, amevuta nyaya na kujaribu maikrofoni: "Moja, mbili, moja, mbili." Shughuli ikiwa Chole au Jibondo, vyombo vyote amevivusha kwa mashua, akivifunika turubai visipate maji ya chumvi. Wageni wakienda kulala, yeye bado anakunja nyaya.

Kazi hii huifanya kwa masikio. Hayo ndiyo mtaji wake, na hayo ndiyo yanayoumia kwanza.

Madhara yanakujaje?

Ndani kabisa ya sikio mna sehemu iliyojikunja kama konokono. Humo mna chembe hai zenye vinywele vidogo sana, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, zinazopokea sauti. Sauti kubwa huzichosha. Ikizidi, au ikirudiwa mara nyingi, huziua. Zikifa haziwezi kuota tena. Hakuna kidonge wala sindano ya kuzirudisha.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa sauti ya desibeli 85, wataalamu hushauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Zikifika 100, na karibu na spika kubwa hufika, muda salama ni dakika 15 tu. Fundi wetu hukaa hapo hadi alfajiri.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba huja polepole, bila maumivu. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Fundi huona muziki umefifia, basi huongeza sauti hizo nyembamba. Wageni huziba masikio, watoto hulia, lakini kwake yeye muziki ndiyo umekaa sawa. Mwishowe watu humwita fundi mwingine, naye hajui kosa lake.

Dalili za kuangalia

Masikio kulia kama nyenje baada ya shughuli; kuhisi yamezibwa; kuuliza "unasemaje?" hasa penye watu wengi, kufungulia redio kupita kiasi. Mara nyingi mama au mke ndiye anayegundua kwanza. Msimcheke, wala msidhani ni kiburi. Mpelekeni hospitali akapimwe. Aliyepoteza usikivu ghafla apelekwe siku ileile.

Tunashauri hivi:

1. Fundi avae vizibo vya masikio vya sponji au vya mpira. Pamba ya kawaida haitoshi. Akisema hawezi kurekebisha sauti akiwa amevivaa, basi avitoe kwa dakika hizo chache tu, kisha avirudishe.

2. Meza yake iwe mbali na spika. Apokezane na mwenzake, na kila mara aende kupumzika penye utulivu.

3. Spika ziinuliwe juu, na watoto wasiachwe kucheza mbele yake.

4. Sikio linalolia lisitiwe mafuta, majani wala kijiti.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na wasikilizaji wapatiwe vizibo na mahali pa kupumzisha masikio. Arusini kwetu hakuna kipimo, lakini ipo njia rahisi: ikiwa inakubidi upige kelele ili mtu aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, sauti hiyo imezidi.

Nanyi wenye shughuli, kila mnapompungia fundi mkono mkisema "Ongeza!", kumbukeni kwamba ninyi mtaondoka asubuhi, na Jumamosi ijayo yeye atakuwa mezani tena. Mwacheni apunguze. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu kinga ndiyo pekee tuliyo nayo.