Kocha, Mkufunzi au Meneja? Maneno katika Mzozo wa Kumtafuta Mrithi

Kocha wa klabu kubwa anapopigwa kalamu, mashabiki huanza kumtafuta mrithi kabla hata hajafungasha virago. Nchini Kenya si lazima klabu yenyewe iwe ya hapa. Arsenal, Manchester United, Liverpool na Chelsea zina wafuasi katika mabweni ya vyuo, katika vituo vya matatu na katika vibanda vya vinyozi, na wafuasi hao huujadili uteuzi unaofanywa London au Manchester kwa ari ambayo wengine huihifadhi kwa uchaguzi wa ubunge. Tofauti ni kwamba mbunge angalau watampigia kura.

Makala haya yananuia kuufafanua mjadala huo kwa kuyatazama maneno yanayotumiwa ndani yake. Dai letu ni kuwa mara nyingi mashabiki hutofautiana kuhusu kazi huku wakidhani wanatofautiana kuhusu mtu. Hutaja cheo kimoja, ilhali kila mmoja ana kazi yake akilini, na kwa hivyo wanaweza kubishana usiku kucha pasipo kujibizana.

Cheo na majina yake

Msomaji wa kurasa za michezo katika magazeti ya Kiswahili atakuwa ameona jinsi mtu yule yule anavyoitwa kocha katika aya ya kwanza, mkufunzi katika aya ya pili na meneja katika aya ya tatu. Mwandishi wa habari hufanya hivyo ili kuepuka takriri. Kwa upande wa Tanzania, watangazaji humwita pia mwalimu. Katika matumizi ya kila siku maneno haya manne yamekuwa visawe, na hakuna anayelalamika.

Hata hivyo, ukiyachunguza kisemantiki utapata kuwa hayabebi mzigo mmoja. Mkufunzi, nomino yenye asili katika kitenzi funza, ni yule anayempa mwingine ujuzi. Ndiyo maana katika vyuo vya ualimu ni jina la anayewafunza walimu. Mwalimu, neno lenye asili ya Kiarabu, limebeba maana ya kufundisha na juu yake heshima ya mlezi, kwani mwalimu hutarajiwa kufunza maarifa na adabu pia. Kocha tulilikopa kutoka Kiingereza, na limebaki karibu kabisa ndani ya uwanja wa michezo. Meneja nalo ni mkopo wa Kiingereza, lakini ni neno la ofisi. Meneja wa benki au wa kiwanda cha chai hatarajiwi kumfundisha mtu; anatarajiwa kuajiri, kufuta, kupanga matumizi ya fedha na kubeba lawama mambo yakiharibika.

Kwamba Waingereza walimwita meneja mtu anayesimama kando ya uwanja akipaza sauti si jambo la nasibu. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika klabu nyingi za huko, wakurugenzi ndio waliokuwa wakiamua nani acheze. Herbert Chapman, aliyejiunga na Arsenal mwaka wa 1925 akitoka Huddersfield Town, ni miongoni mwa waliobadilisha desturi hiyo. Kikosi, mbinu na usajili vilikuwa mikononi mwake. Alitetea nambari migongoni mwa jezi na taa za kuchezea usiku. Hata kituo cha reli ya chini ya ardhi kilichoitwa Gillespie Road kilipewa jina la Arsenal mwaka wa 1932 kutokana na juhudi zake. Kwa watu wa aina yake, meneja akawa kama mwenye mji. Katika nchi nyingi za Ulaya bara desturi ilikuwa tofauti: mkurugenzi wa michezo hununua wachezaji, naye kocha huwafunza aliopewa.

Kisa cha Arsenal

Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kama cha Arsenal. Mfaransa Arsène Wenger aliishika klabu hiyo kuanzia mwaka wa 1996 hadi 2018. Alikuwa mkufunzi, mwalimu, kocha na meneja kwa pamoja. Alibadilisha chakula cha wachezaji, akahusika katika kubuni kituo cha mazoezi cha London Colney kilichofunguliwa mwaka wa 1999, akawa na neno la mwisho katika usajili, na gharama za uwanja mpya uliofunguliwa mwaka wa 2006 zilipoibana klabu, yeye ndiye aliyejitokeza kuwatuliza watu. Katika msimu wa 2003/04 timu yake ilimaliza ligi bila kushindwa. Alipotangaza tarehe 20 Aprili 2018 kwamba angeondoka, mashabiki walikuwa wamegawanyika kwa miaka kadhaa, baadhi yao wakibeba mabango ya kumtaka ang'atuke. Sasa wote wakawa na swali moja: nani awe Wenger mwingine?

Hapo ndipo mjadala ulipopotoka. Waliotaka mwenye vikombe walimtaja Massimiliano Allegri, aliyekuwa Juventus. Waliotaka damu ya klabu walimtaja Mikel Arteta, nahodha wa zamani ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wa Pep Guardiola pale Manchester City, au Patrick Vieira. Kila kundi liliona jingine limeishiwa na akili. Lakini klabu yenyewe ilikuwa imekwisha kuigawa kazi ya Wenger vipande vipande. Sven Mislintat alikuwa ameletwa mwishoni mwa mwaka wa 2017 kusaka wachezaji, na Raúl Sanllehí akafuata mapema mwaka wa 2018 kusimamia mahusiano na klabu nyingine. Unai Emery alipoteuliwa tarehe 23 Mei 2018, cheo alichopewa kilikuwa cha kocha mkuu. Jina la meneja liliondoka pamoja na Wenger.

Wengi hawakulitilia jambo hilo maanani, wakaendelea kumpima Emery kwa kipimo cha mtangulizi wake. Emery ni fundi wa mazoezi na mbinu. Alikuwa ametwaa Ligi ya Europa mara tatu mfululizo akiwa na Sevilla, kuanzia 2014 hadi 2016. Mashabiki walimtaka awe msemaji, baba na mwonaji wa mbali. Wakayacheka matamshi ya Kiingereza chake. Suala hili la matamshi linafaa kumshughulisha mwanaisimu. Kocha mkuu anahitaji lugha ya kutosha kueleweka mazoezini. Meneja anahitaji lugha ya kuushawishi umma. Waliokuwa wakimcheka walikuwa wakidai kazi ya pili kwa mtu aliyeajiriwa kufanya ya kwanza.

Tusimtetee kupita kiasi. Alilazwa 4-1 na Chelsea katika fainali ya Ligi ya Europa mjini Baku mwezi wa Mei 2019, na alipomwaga unga tarehe 29 Novemba mwaka huo timu ilikuwa imecheza mechi saba bila ushindi. Lakini ni yeye huyo huyo aliyeiongoza Aston Villa kumaliza ya nne ligini msimu wa 2023/24 na kuirejesha katika shindano la mabingwa wa Ulaya, ambalo klabu hiyo ilikuwa imelitwaa mwaka wa 1982. Kiingereza chake hakikuwa kimegeuka kuwa cha Oxford.

Baada ya Freddie Ljungberg kuwa kocha mshikilizi kwa wiki chache, Arteta aliteuliwa tarehe 20 Desemba 2019, naye pia akiwa kocha mkuu. Mwezi wa Agosti 2020 alishinda Kombe la FA kwa kuilaza Chelsea 2-1. Mwezi uliofuata klabu ikatangaza kuwa tangu hapo angeitwa meneja. Mtu alikuwa yule yule na ofisi ile ile, ila neno jipya lilikuja na usemi mkubwa zaidi katika usajili na katika mwelekeo wa klabu. Msimu uliofuata Arsenal ilimaliza ya nane, kama ilivyokuwa imemaliza msimu uliotangulia, na kelele za kumtaka aondoke zikasikika kutoka London hadi Nairobi. Klabu ilimvumilia, ikamaliza ya pili misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2022/23 hadi 2024/25. Je, angebaki kocha mkuu angevumiliwa hivyo? Mwandishi wa makala haya anaona kuwa asingevumiliwa. Kocha mkuu hubadilishwa kama balbu iliyoungua, lakini kumng'oa meneja ni kugusa kuta za nyumba.

Mrithi wa wasia, mrithi wa damu

Neno mrithi nalo lina mitego yake. Katika jamii zetu mrithi hupokea mali ya aliyefariki, na mara moja huzuka maswali mawili: marehemu aliacha wasia gani, na nani ni wa damu yake? Mashabiki huyauliza yote mawili bila kujua kwamba wameyatoa nyumbani.

Manchester United ilijaribu njia zote. Alex Ferguson alipotangaza kustaafu tarehe 8 Mei 2013, David Moyes alitangazwa kesho yake kwa mkataba wa miaka sita, Ferguson mwenyewe akiwa ndiye aliyempendekeza. Mashabiki wakatundika bango Old Trafford lililomwita mteule. Kufikia tarehe 22 Aprili 2014 mteule alikuwa amepigwa kalamu, msimu wake wa kwanza haujaisha. Louis van Gaal na José Mourinho waliletwa kwa sifa za vikombe. Kisha, mwezi wa Desemba 2018, ikawa zamu ya damu: Ole Gunnar Solskjær, mfungaji wa bao la ushindi katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 1999, alianza kama mshikilizi, akaajiriwa moja kwa moja mwezi wa Machi 2019 na kufutwa mwezi wa Novemba 2021.

Liverpool nusura iingie katika mkondo huo. Jürgen Klopp alipotangaza mwezi wa Januari 2024 kuwa angeondoka, wengi walimtaka Xabi Alonso, kiungo wao wa zamani. Alonso akasema mwezi wa Machi kwamba angesalia Bayer Leverkusen. Aliyekuja ni Arne Slot kutoka Feyenoord, jina ambalo halikuwa midomoni mwa wengi, naye akapewa cheo cha kocha mkuu kwa sababu wengine walikwishakabidhiwa usajili. Mwezi wa Aprili 2025 Liverpool ilitwaa ligi.

Mgeni na mwenyeji

Mjadala huu ukihamia klabu zetu wenyewe, mwelekeo hubadilika. Swali la damu huwa swali la uraia, na methali huingia uwanjani zikiwa zimevaa jezi. Anayemtaka mzungu atasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayemtaka Mkenya atajibu kuwa mcheza kwao hutunzwa. Wa tatu, aliyechoka na mabadiliko, atawaonya wasiache mbachao kwa msala upitao. Uzuri wa methali ni kuwa kila upande unayo yake, na udhaifu wake ni huo huo.

Ushahidi wenyewe haumpi yeyote ushindi. Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi Barani Afrika mwaka wa 1987 chini ya Mwingereza Jack Johnson, baada ya kutoka sare ya 2-2 na Espérance nchini Tunisia na ya 1-1 jijini Nairobi. Mwaka wa 2013 ilitwaa ligi kwa mara ya kwanza tangu 1995 chini ya Mskoti Bobby Williamson, na mwaka wa 2015 ikaitwaa bila kushindwa ligini chini ya Mskoti mwingine, Frank Nuttall. Upande wa pili yuko Robert Matano, Mkenya, aliyeipa Tusker ubingwa wa msimu wa 2020/21 na wa 2021/22. Anayetaka kuthibitisha jambo kwa pasipoti ya kocha atachagua tu mwaka unaomfaa.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba shabiki wa Gor Mahia au wa AFC Leopards ana kitu ambacho shabiki wa Arsenal aliyeko Kakamega hana. Hizi ni klabu za wanachama, na viongozi wake huchaguliwa. Hapa mjadala unaweza kuwa na matokeo, na kwa hivyo kuukosea kuna gharama. Kocha wa klabu hizi huitwa kocha, mkufunzi au meneja kwa jinsi mwandishi wa gazeti atakavyopenda, lakini nani humsajili mchezaji? Nani humlipa kocha mwezi wa nne, malango yasipoingiza kitu? SportPesa ilipositisha ufadhili wake mwaka wa 2019, klabu zote mbili zilibaki zikihangaika, na katika hali kama hiyo hata Chapman angefukuzana na mshahara. Maswali haya huulizwa katika mkutano mkuu na mwanachama mwenye kadi. Mashabiki wengi hupendelea kuuliza jina.

Hata karatasi husahaulika. Mwaka wa 2020 Gor Mahia ilimwajiri Mbrazili Roberto Oliveira, mtu mwenye tajriba ya miaka mingi. Ligi ya Mabingwa Barani Afrika ilipokaribia, ikabainika kuwa hana leseni ambayo Shirikisho la Soka Barani Afrika, CAF, huitaka kwa kocha wa mashindano hayo, na hakuruhusiwa kuketi kwenye benchi. Mwaka wa 2021 nafasi hiyo ilikuwa ya Mreno, Carlos Manuel Vaz Pinto.