Kidonge cha Binadamu, Mwili wa Paka

Paka mzee akianza kujigonga kwenye viti, na mboni zake zikibaki zimepanuka hata mbele ya mwanga mkali, huenda shinikizo la juu la damu limebandua retina ya jicho. Mara nyingi chanzo chake ni maradhi ya figo, au tezi dundumio iliyo shingoni kufanya kazi kupita kiasi.

Dawa itumikayo zaidi ni amlodipini, ileile wanayomeza binadamu. Hatari imo katika kipimo. Kidonge cha kawaida cha mtu kina miligramu 5, ilhali paka huanzishiwa miligramu 0.625 hadi 1.25 kwa siku, yaani thumuni hadi robo ya kidonge hicho. Kidonge kizima chaweza kushusha shinikizo hata akazimia.

Kwa hiyo usimgawie mnyama dawa yako. Daktari wa mifugo ndiye apimaye shinikizo, kwa mkanda mdogo unaofungwa mguuni au mkiani, kisha akaamua kipimo. Mpe dawa saa ileile kila siku. Ukisahau, usimpe maradufu. Wala usiikatize kwa kuwa anaonekana mzima. Akimeza kidonge kilichodondoka, usingoje dalili: mpeleke kwa daktari mara moja, pamoja na pakiti ya dawa.