Hapa, Huko na Humo: Ngeli za Mahali na Majonzi ya Intaneti ya Awali

Wanaoikumbuka intaneti ya miaka ya 1990 huitaja kama mtu anavyoutaja mtaa aliozaliwa, ambao umekwisha kubomolewa. Hawakatai kwamba ilikuwa nzito, wala kwamba simu ya nyumbani haikutumika maadamu kompyuta ilikuwa imeunganishwa kwa waya uleule. Hata hivyo wanaililia. Makala haya yanakusudia kueleza ni kitu gani hasa kinacholiliwa, kwa kutumia chombo tulichopewa na sarufi ya Kiswahili, yaani ngeli za mahali.

Tuchukue mfano wa GeoCities, huduma iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner. Mtu aliweza kujitengenezea kurasa bila malipo, lakini kwanza alichagua mtaa. Wapenzi wa filamu walikaa Hollywood, wa kompyuta SiliconValley, na wa elimu na falsafa Athens. Anwani ilikuwa jina la mtaa pamoja na namba, mithili ya namba ya nyumba. Wakazi wengine walijitolea kuutunza mtaa, na kurasa nyingi zilikuwa na kitabu cha wageni.

Kwa sarufi yetu, hapo palikuwa PA: mahali mahsusi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mwenyeji aliweza kusema, "Hapa ni pangu." Linganisha na usemi wa leo: "Nimeiona huko mitandaoni." Kiambishi -ni chenyewe hakichagui, ni kionyeshi kinachotufichulia hisi ya msemaji, na KU ni mahali pasipo mipaka. Neno mtandao nalo latokana na kitenzi -tanda, kwa maana ya kuenea. Leo mtu ana akaunti, hana nyumba. Maneno yake huchukuliwa na mkondo wenye mwenyewe. Hoja yetu basi ni kwamba kinacholiliwa si mashine za kale, bali ni kule kuhamishwa kutoka PA kwenda KU.

Uhamisho huo ulikuwa na sababu za kibiashara. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999 kwa thamani iliyozidi dola bilioni 3. Mwaka huohuo masharti mapya yalidai haki pana juu ya kazi za wakazi. Wakazi wakapinga, na kampuni ikalazimika kuyarekebisha. Anwani za mitaa nazo zikaachwa, badala yake yakatumika majina ya watumiaji. Tarehe 26 Oktoba 2009 mji huo ulifungwa. Kikundi cha wenye kujitolea, Archive Team, kilinakili kilichowezekana, na mwaka 2010 kikatoa hazina ya zaidi ya gigabaiti 600. Kisichonakiliwa kimetoweka.

Hapa yafaa tujihadhari tusiazime majonzi ya watu. Mwaka huohuo wa 2009 ndio nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo Kenya iliitegemea setilaiti. Yaani mji ulibomolewa wakati sisi tukibisha hodi. Kwa wengi wetu intaneti ya kwanza haikuwa PA wala KU, bali MU: humo ndani ya saiba, bega kwa bega na wageni, macho yakiwa kwenye saa kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa dakika. Kumbukumbu zetu ni za chumba tulichoshiriki, si za nyumba tuliyomiliki.

Je, tuna chochote cha kuhifadhi? Tunacho. Mradi wa kamusi ya Kiswahili katika intaneti ulianza Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, na Wikipedia ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Atakayetaka kuonyesha jinsi mtandao, tovuti na barua pepe yalivyojipatia nafasi katika lugha atahitaji matini za miaka hiyo, si masimulizi ya wazee. Majonzi yasiyohifadhi kitu huishia kuwa maombolezo tu. Kila idara na ianze na makabati yake: diski za kale ambazo bado zasomeka, na barua pepe zilizopigwa chapa zikasahauliwa katika majalada. Hizo ni PA yetu iliyosalia.