Fahamu: Jerikeni, ufagio na mgongo wako

Jerikeni la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Elwak, kaunti ya Mandera, maji hayo huinuliwa, hubebwa na hutuliwa kila siku, mara nyingi na akina mama na wasichana.

Uzito huongezeka makali jerikeni likiwa mbali na mwili. Lisogelee, tenganisha miguu, piga magoti, shika mpini, livute karibu na tumbo, kisha inuka kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Usisokote kiuno ukiwa na mzigo. Mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni nafuu kuliko moja zito la upande mmoja.

Ufagio mfupi nao huumiza: ufungie mti mrefu. Beseni la kufulia liweke juu ya kigoda. Ukiketi mkekani, egemea ukuta na ubadili mkao mara kwa mara, kwani hata mkao mzuri huchosha ukikaa nao saa nzima.

Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliugua maumivu ya kiuno, na mengi hupungua yenyewe. Usilale kitandani siku nzima. Tembea kadiri uwezavyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mikanda ya kiuno isitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu.

Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.